Kanzu ya Kipaimara

Suruali ya suti iligoma saa moja na nusu asubuhi, siku ya kipaimara cha Modesta.

Ilikuwa suruali yenye heshima zake, imehudhuria harusi na misiba ya nusu ya Lushoto. Lakini baba alikuwa na siku kumi na mbili tangu apasuliwe tumbo, na kifungo chake kilitua juu ya mshono kabisa. Baba alifumba macho, akakifungua. Tumboni ikabaki alama nyekundu ya mviringo.

“Nyie tangulieni tu,” alisema.

Modesta, ambaye bwenini hakuna aliyewahi kupona utani wake, aliitazama suruali ile bila kuitania. Wenzake wote wangesimama mbele na baba zao nyuma yao.

Hapo akaingia jirani, aliyeitwa na mama kimyakimya, na kanzu mkononi.

“Nimeivaa Idi moja tu, mzee mwenzangu. Haina mkanda wala zipu. Acha tumbo lipumue.”

“Mimi mzee wa kanisa, nisimame madhabahuni na kanzu ya msikitini?”

“Kwani mchungaji wako huwa anavaa nini?”

Baba alicheka, akashika mshono kwa mikono miwili. “Usinichekeshe, utanirudisha hospitali!”

Aliivaa. Ikashuka tumboni bila kugusa kitu. Kisha akamgeukia Modesta, kicheko kimekwisha.

“Mwanangu, wenzako watakutania mpaka mfunge shule. Nije?”

Modesta aliujua utani wote ambao ungekuja. Mwingi alikuwa ameutunga yeye.

Alichukua koti la suti msumarini, akalikung’uta, akamshikia.

“Ingiza mkono, baba. Kengele ya pili hiyo.”