Kirumbi Aimba Peke Yake

Vyura wa bwawa fulani walikuwa na desturi ya kuimba wote kwa pamoja, ili Korongo asijue pa kupeleka mdomo wake. Jioni moja Kasuku, mvumishaji wa habari, alitua mtini kando ya bwawa akauliza, "Hiyo sauti nzito ni ya nani?"

"Ya mwanangu Kirumbi," akajibu Mama Chura upesi.

"Mama, una johari ndani ya tope, na hawa jirani zako wanaifunika."

Kasuku akazunguka msitu mzima akilitangaza jina la Kirumbi, na wanyama wakaja kumsikiliza. Vyura wenzake walipoanza kuitikia, Mama Chura akawageukia. "Jamani, nyamazeni kidogo. Wageni hawakuwafuata nyinyi."

"Mama, peke yangu naogopa," Kirumbi akanong'ona.

"Imba, baba. Wote hawa wamekuja kwa ajili yako."

Vyura wakanyamaza. Kirumbi akaimba, na kila aliyekuwapo akajua alipokaa. Korongo naye akajua. Wimbo ulikatika katikati, na wageni wakashangilia wakidhani umekwisha.

Tangu siku hiyo Kasuku huuimba wimbo ule kila jioni, kwa sauti ileile nzito, na wanyama bado wanakuja. Kila unapoanza, Mama Chura hutoa kichwa majini na kuuitikia kwa nguvu zake zote, ili mwanawe asiimbe peke yake.