Shina Moja, Boga Moja

"Kata yote, ubakishe lile kubwa tu," alisema Mzee Feruzi kutoka kwenye kigoda chake. "Shina moja halilei maboga kumi."

Siwatu aliinama na kisu. Maneno yale aliyajua. Baba yake huyuhuyu aliyasema vilevile siku alipomtoa shuleni ili kaka yake, Ambari, asome peke yake. Ambari akasoma, akaondoka, na huu ni mwaka wa tisa hajatia mguu nyumbani. Hata hivyo kila msimu mzee humlimia boga moja la kutisha, nalo huozea bustanini likimngoja. Siku hizi macho ya mzee yameingia mtoto wa jicho, haoni tena. Anayemlisha, anayemwogesha na anayemshikia kisu ni Siwatu.

Akakata ncha za matawi. Akafukia vifundo udongoni vipate kuota mizizi. Akaondoa maboga machanga, moja baada ya jingine, mpaka akalifikia lile kubwa, lililolazwa juu ya nyasi kavu kama kitoto. Akalipapasa. Kisha akalikata kikonyo.

"Tayari?"

"Tayari, baba. Limebaki moja."

Hilo lililobaki lilikuwa kule mwisho kabisa, kando ya jalala, dogo kuliko ngumi, ua lililonyauka bado limeng'ang'ania kitovuni.

Mzee akatabasamu. Akashuka kigodani, akapiga magoti, akaushika mmea shinani na kuanza kuufuata kwa vidole, kifundo hadi kifundo, akilitafuta boga la mwanawe.