Mkono Mwepesi wa Fundi

Sukari ilishuka kwa mara ya nne, na dripu ya glukosi ilikuwa bado inatiririka.

"Nani humchoma insulini bibi huyu?" daktari aliuliza.

"Mimi. Uniti ishirini, kila asubuhi." Fundi cherehani alijibu. Miaka sita alikuwa akimchoma mama mkwe wake, hajakosea hata siku moja. Bibi mwenyewe hakutaka mtu mwingine. Alisema fundi ana mkono mwepesi, sindano ameizoea.

"Basi amepata nyingi mno. Na hii ni ile inayofanya kazi siku nzima. Ikizidi hivi haiishi leo wala kesho. Tukizubaa kidogo anazama tena, na huenda asirudi."

Wifi yake, ambaye mtaani walimwita Redio, aliruka kitini. "Si nilisema! Juzi mama alikuwa mzima kabisa. Jana anaanguka, na huyu begi lake liko mlangoni!"

"Nilikuwa naenda kumwona mama yangu, wifi. Siku tano tu. Tulikubaliana wewe ndiye utamchoma."

"Siku tano, na begi la kuhamia? Ulikuwa unakimbia! Mama akifa, utanitambua. Polisi nimeshawaita."

Fundi alimtazama mumewe. Mumewe alitazama sakafu. Tangu siku ya harusi kazi yake ilikuwa hiyo, dada yake akifungua mdomo yeye anatazama sakafu. Laiti angesema neno moja tu! Hilo lilimuuma fundi kuliko neno "muuaji", ambalo Redio alishalitangaza wodi nzima ikasikia.

Walimkataza kusogelea kitanda. Akasimama mlangoni kutwa, akimwangalia muuguzi anavyomtoboa bibi kidole kila saa na kutikisa kichwa. Sukari tatu. Mbili na nusu. Tatu tena. Polisi hakuwafikiria hata kidogo. Mungu wangu, aliomba, asife huyu. Katika nyumba ile nzima, huyu ndiye pekee aliyewahi kumwita mwanangu.

Kesho yake mchana bibi alifumbua macho. "Fundi yuko wapi?"

"Mama, huyo ndiye aliyetaka kuku..."

"Hebu nyamaza, kichwa kinaniuma. Nilijichoma mwenyewe."

Fundi alisogea, na safari hii hakuna aliyemzuia.

"Si wewe uliniambia sindano moja ni ya siku nzima?" bibi alisema polepole. "Nikapiga hesabu zangu. Siku tano, sindano tano. Huyu binti nimemzaa na nampenda, lakini mkono wake jembe! Mara ile moja aliyonichoma nilivimba wiki nzima. Nikaona bora nimalize zote mapema, nikungojee."

Hata Redio ilizimika.

"Mama jamani! Mbona hukuniambia?" fundi aliuliza.

"Ungeahirisha safari, nakujua. Sasa usikae hapa kunililia. Nenda kamwone mzazi wako. Siku tano si nyingi, mwanangu, utanikuta."

Fundi alipiga magoti, akaufunika uso wake kwa kiganja cha bibi, akalia kwa kwikwi. Tiketi iliyokuwa mfukoni mwake ilikuwa ya kwenda tu; hakuwa amepanga kurudi.