Pakiti ya Njano

Mtafiti alijibanza nyuma ya mlango wa friji la wodi, akachana pakiti ya njano kwa meno, akalamba. Uchachu kama wa mtindi ukamshika pembeni mwa ulimi. Akachana ya buluu. Hiyo haikuwa na ladha yoyote, kama kulamba chokaa.

Mtoto wa mdogo wake alikuwa anapewa buluu.

Kwa miaka tisa alikuwa akifuga bakteria wanaogandisha maziwa. Aliwatoa kwenye mtindi, akawachuja, akawaosha, akawakausha mpaka wakawa unga, kisha akasumbuana na kamati moja baada ya nyingine hadi akaruhusiwa kuwajaribu kwenye wodi za watoto njiti, ambako ugonjwa wa matumbo ulikuwa unawamaliza. Utaratibu haukuwa na mjadala. Nusu ya watoto wapewe unga wa bakteria, nusu wapewe wanga mtupu, na asijue mtu yeyote nani kapata nini, hata yeye. Rangi za pakiti alizipanga mfamasia. Siri aliifungia ndani ya bahasha, bahasha ndani ya kabati, na ufunguo akauning'iniza shingoni. Wauguzi walimwita Jiwe.

"Nionyeshe tu hiyo bahasha," mtafiti alikuwa amemwomba asubuhi ile.

"Kanuni uliiandika mwenyewe," Jiwe akamjibu. "Tena ukaipigia mstari."

Alipokuwa anapiga huo mstari hakujua kwamba mdogo wake angejifungua miezi mitatu kabla ya siku zake. Huyu alikuwa mtoto wa tatu. Wawili wa kwanza hawakumaliza mwezi.

"Dada," mdogo wake alikuwa akimwambia kila alipopita, bila kunyanyua uso kutoka kwenye kioo cha mashine ya joto, "wewe ndiye mama yake mkubwa. Usiniache nizike tena."

Kwenye mashine ya pili alilala binti wa mshonaji, mwanamke mwenye maneno mengi na sindano mbili zimechomekwa kolani. Siku ya kwanza mtafiti alipowaeleza kina mama kazi ya unga ule, huyo ndiye aliyedakia.

"Kwa hiyo humu ndani mna wadudu?"

"Wamelala. Wataamka wakikutana na maziwa."

"Wanakoroma?"

Wodi nzima ikacheka, hata mdogo wake, ambaye hakuwa amecheka tangu ajifungue.

Binti wa mshonaji alikuwa anapewa njano.

Tusidanganyane: mtafiti alijua anachofanya. Kila mtoto alikuwa na boksi lake la pakiti, na juu yake stika yenye namba ya mashine. Akabandua mbili, akazibadilisha mahali, akazisugua kwa kidole gumba mpaka zikashika. Haikufika hata dakika.

"Daktari, hata chai hujanywa!"

Mshonaji alikuwa amesimama mlangoni. Mtafiti akarudisha maboksi kwenye friji.

"Unahangaika na sisi tu," mshonaji akaendelea. "Shika. Nimeshona kofia mbili, kitambaa kimoja. Ya mwanangu na ya mtoto wa mdogo wako. Wakikua wajue walikuwa majirani."

Mtafiti akaipokea kofia. Ilikuwa ndogo kiasi cha kutosha chungwa. Akasema ahsante, akampelekea mdogo wake.

Siku ya nne binti wa mshonaji aliongezeka uzito. Mtafiti akafurahi kwa kweli, akajiambia, mtoto yule ana nguvu zake, hakuhitaji unga. Tumbo la mtoto wa mdogo wake, kwa upande mwingine, lilikuwa limevimba. Akajiambia, bakteria wanataka muda. Siku ya sita likang'aa. Akajiambia, bila njano angekuwa ameshakwenda. Akawa anakoroga unga kwenye maziwa kwa mkono wake mwenyewe, wauguzi wakamwona ana huruma.

Siku ya nane daktari wa upasuaji alimwangalia mtoto, akasema tusubiri mpaka mchana, akaondoka bila kumtazama mtu machoni. Mdogo wake hakulia. Alikuwa ameshika kofia mkononi, akiigeuza nje ndani, ndani nje.

"Dada, umempa vyote?"

"Vyote. Sijaruka hata pakiti moja."

Hapo ndipo Jiwe alipoingia. Ufunguo haukuwepo shingoni, na bahasha ilikuwa mkononi, imeshachanwa.

"Kamati imesimamisha jaribio," akasema. "Wamehesabu wodi zote. Rangi moja inaokoa watoto, nyingine haifanyi lolote. Kuanzia sasa hivi wote wapewe hiyo moja."

Miaka tisa. Mtafiti akashika ukingo wa mashine. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nane akavuta pumzi hadi chini. Alikuwa ameiba, sawa, lakini alikuwa amewahi. Mtoto angevuka. Na yule binti wa jirani naye angepata yake kuanzia leo, kabla hajadhurika.

"Mwambie mdogo wangu," akasema, machozi yakimtiririka. "Mwambie mwenyewe asikie. Njano."

Jiwe hakumgeukia mdogo wake. Alimtazama mtafiti, akatazama stika ya boksi lililokuwa mezani, pembe yake moja imekunjamana, akamtazama tena.

"Ulilamba," akasema polepole. "Nilijua kuna mtu atalamba akitafuta uchachu. Ndiyo maana ule wanga niliutia unga wa ndimu."