Kituo cha Tisa

Ijumaa hiyo Njia ya Msalaba haikwenda kanisani. Skolastika alipoona msalaba unakata kona kuja shambani kwake, moyo ulimpasuka. Tanuru lake la mkaa lilikuwa likifuka siku ya tano. Zilibaki mbili tu, na chakula cha wanawe watatu kilikuwa humo ndani.

"Kituo cha tisa," akatangaza katekista Agapiti. "Yesu anaanguka mara ya tatu. Wapendwa, ukame huu tumeuleta wenyewe kwa kukata miti. Kwaresima hii tumefunga kuchoma mkaa."

Watu wakapiga magoti kulizunguka tanuru. Kina mama walikuwa wamejitwika ndoo za maji.

"Mwalimu, mti niliouchoma ulikauka wenyewe kwa jua," Skolastika akasema. "Niachieni siku mbili, nawasihi."

"Kwaresima ni kujinyima, dada."

"Basi jinyimeni ninyi! Jana maharage mlipikia nini?"

Mama Veneranda, mwenyekiti wa jumuiya, akafumua udongo uliofunika tanuru kwa jembe. Moto ukapata hewa, ukaruka, nao wakaumwagia maji huku wakiimba, tena kwa sauti nzuri.

Walipoinuka kuondoka, Mama Veneranda akamwinamia sikioni.

"Usinune, mwenzangu. Vipande vitakavyopona, niwekee debe moja la Pasaka."

Huko mbele katekista akatangaza kituo cha kumi, Yesu anavuliwa nguo zake. Skolastika, kwa mazoea ya miaka, akaitikia pamoja nao, huku mikono yake ikichokora tope la moto.