Daftari Jeupe la Makosa

Mate ya mwanafunzi yalikuwa bado yanateleza shavuni mwa mwalimu wa nidhamu alipofungua daftari la makosa. Mkuu wa shule akalifunga.

"Usiandike, dada. Bodi mpya imesema shule yenye makosa mengi itabadilishiwa mkuu. Tangu Januari sisi hatuna hata moja."

Mwalimu akajifuta mate kwa kiganja.

Mlango ukafunguliwa. Mwenyekiti wa bodi akaingia na tabasamu lake pana, akalipekua daftari lile jeupe pe.

"Hongera, mwalimu! Watoto wamenyooka kama rula!" Akampa mkono mwalimu wa nidhamu.

Mwalimu akaushika kwa kiganja kilekile, akaubana kwa nguvu.

"Mbona mkono wako umelowa?"

"Ndiyo nidhamu yenyewe hiyo, mzee. Shika vizuri."