Ng'ombe Tisa wa Milembe

"Asubuhi ng'ombe tisa walikwenda malishoni. Jioni wakarudi sita. Wangapi hawapo?"

Milembe alisimama. Kati ya watoto wanne niliobaki nao baada ya masomo, ni yeye tu ambaye hakuwa amejibu hesabu hata moja, na kesho mwalimu mkuu angeamua kama arudishwe darasa la kwanza. Nilidhani ng'ombe wangemsaidia.

"Jibu, binti."

"Nyumbani hatuhesabu ng'ombe, mwalimu. Babu anasema ukiwahesabu wanapungua."

Shule ya bweni niliyosoma ilinifunza kwamba mwanafunzi habembelezwi. Niligonga meza kwa fimbo. "Basi mnawajuaje waliopotea?"

Akafumba macho. Vumbi la chaki lilielea katika mwanga wa dirisha, nalo likawa, naapa, vumbi la zizi wakati mifugo inarejea. Kidole chake kikawafuata mmoja mmoja wakiingia: mweusi, mwekundu, wa kijivu. Wenzake wakaacha kuandika. Nilisikia harufu ya samadi.

"Yule wa mabaka hayupo," alisema polepole. "Mwenye pembe iliyovunjika hayupo. Na ndama wake hayupo."

Kidole kikasimama hewani. Hakuwa amehesabu hata mmoja.

Nikaivuta fomu ya mwalimu mkuu, nikaandika mbele ya jina lake: *anaweza*.

"Vizuri. Keti."

Hakuketi. Alinikazia macho kwa mshangao. "Mwalimu, fisi wataamka. Hatuwatafuti?"

Nami nilikuwa nimekwisha kusimama, fimbo mkononi, nikiutazama mlango.